Sepuka na vijana waliobaki vitani

Sepuka ni kata, na pia ni jina la tarafa, katika Wilaya ya Ikungi iliyomegwa kutoka Singida Vijijini mwaka 2012. Iko magharibi mwa mji wa Singida, katika nchi ya Wanyaturu inayoteremka kuelekea mbuga za Wembere. Ni eneo la uwele, mtama, alizeti na ng'ombe, lisilopakana na nchi yoyote ya kigeni. Hata hivyo vita vitatu vikubwa vya karne ya 20 vilibeba vijana kutoka sehemu hii ya nchi, na waliokufa karibu wote walizikwa ugenini.

Jambo hilo lilikuwa zito kwa sababu za kimila. Mzee wa Kinyaturu alizoea kuzikwa nyumbani, na makaburi ya mababu ndipo watoto na wajukuu walipofanyia matambiko. Kijana aliyefia mbali aliacha matanga bila kaburi.

Vita Vikuu vya Kwanza viliingia hadi mlangoni. Mwaka 1916 majeshi ya upande wa Waingereza chini ya Jenerali Jacob van Deventer yalishuka kutoka Kondoa, yakaiteka Dodoma tarehe 29 Julai na kuifikia Singida muda mfupi baadaye. Mwaka uliofuata kikosi cha Heinrich Naumann, kilichojitenga na jeshi kuu la Wajerumani, kilipita Mkalama, kaskazini mwa mkoa. Pande zote mbili zilihitaji wapagazi kuliko zilivyohitaji bunduki, maana malori yalikwama kwenye matope na nyumbu waliuawa na mbung'o. Wapagazi walikufa kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa, wengi kuliko askari waliouawa kwa risasi. Sanamu ya Askari jijini Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, inawaheshimu kwa maneno ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, lakini haina jina la hata mmoja wao. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika na watu wengine wa makoloni wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Ungamo hilo lilichelewa miaka mia moja.

Katika Vita Vikuu vya Pili mambo yalikuwa tofauti kidogo. Watanganyika waliingia Keya (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza, kwa makumi ya maelfu, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Bama, katika bonde la Kabaw, hadi kuuvuka mto Chindwin mwishoni mwa mwaka 1944. Askari wa Keya alikuwa na namba na daftari la malipo, kwa hiyo akifa jina lake lilibaki kwenye kumbukumbu. Majina ya Waafrika Mashariki waliokosa kaburi yamechongwa kwenye Mnara wa Rangoon huko Taukkyan, mahali ambapo mzazi wa Singida asingeweza kufika.

Vita vya Kagera vilikuwa vya taifa lenyewe. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliivamia Tanzania tarehe 30 Oktoba 1978, yakaliteka eneo la kaskazini ya mto Kagera na kulivunja daraja la Kyaka. Jeshi la Tanzania lililokuwa na askari wasiofika 40,000 lilipanuliwa hadi kuzidi 100,000 kwa kuita mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT. Mikoa yote ilitoa watu, na wananchi wakachanga ng'ombe na nafaka. Ndiyo maana vita hivi vinakumbukwa vijijini kuliko vile vya zamani: aliyekwenda hakuwa mwanajeshi wa kazi tu, bali pia mkulima aliyefunzwa kulenga shabaha kwa wiki chache. Huko Lukaya, Uganda, Machi 1979, Brigedi ya 201 ya Tanzania, iliyojaa mgambo, ilitawanywa na makombora ya Walibya waliomsaidia Amin, kabla ya kujipanga upya na kushinda siku ya pili. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, na mapigano yakaisha mwanzoni mwa Juni.

Kumbukumbu za serikali zinataja wanajeshi 373 waliokufa, na kati yao 96 tu waliuawa kwenye mapigano. Waliobaki walikufa kwa sababu nyingine, na hesabu hiyo haipatani na simulizi zinazomuua kila kijana mbele ya kifaru.

Wengi wa mashujaa hao wamelala Kaboya, Wilaya ya Muleba, ndani ya kambi ya jeshi. Safari hii kijana ana jina na kaburi katika nchi yake, ingawa ni upande wa pili wa Ziwa Victoria. Sherehe ya kitaifa ya Siku ya Mashujaa ilifanyika hapo mwaka 2013. Popote inapofanyika kila 25 Julai, mwenge wa kumbukumbu huwashwa saa sita usiku wa kuamkia siku hiyo, tarumbeta hupigwa, kisha Rais huweka mkuki na ngao mnarani, Mkuu wa Majeshi sime, na kiongozi wa mabalozi shada la maua. Silaha hizo hakuna aliyezibeba Lukaya. Ni za wazee waliopigana kabla ya bunduki, kama wale waliomfuata Liti, mwanamke wa Kinyaturu aliyewapinga Wajerumani na ambaye leo jina lake limepewa uwanja wa michezo wa Singida.