Mtaala: mzazi wa Sumbawanga anachagua nini hasa?

Mzazi wa Sumbawanga anayemtafutia mtoto shule ya awali hukutana na neno mtaala kila mlango anaobisha. Shule hii ina "mtaala wa Kiingereza", ile "mtaala wa Montessori", na ya serikali ina "mtaala wa kawaida". Ukichunguza utakuta mara nyingi hakuna mtaala uliotajwa hapo. Ya kwanza imetaja lugha, ya pili mbinu, na ya tatu imesema tu kwamba haina ada.

Mtaala ni mwongozo mkuu unaoeleza elimu ya ngazi fulani inakusudia kumfikisha mwanafunzi wapi: malengo, umahiri atakaoujenga, muda, njia za kufundishia, vifaa, sifa za mwalimu na namna ya kupima maendeleo. Neno lenyewe lilitoka Kiarabu, likiwa na maana ya kusoma kwa kuchunguza. Ni ndugu wa kitenzi talii, ambacho zamani kilikuwa kusoma na kudurusu kabla mtalii hajawa mgeni wa mbugani. Wapo wanaoandika mtalaa hadi leo, ila nyaraka za elimu za Tanzania zimeshika mtaala. Mitaani utasikia pia karikulamu.

Chini ya mtaala kuna karatasi nyingine tatu ambazo wazazi wengi huzichanganya nao. Muhtasari, ambao walimu wengi huuita silabasi, huvunja mtaala katika shughuli za kufundisha. Azimio la kazi hugawa shughuli hizo kwa miezi na wiki. Andalio la somo ni la mwalimu mwenyewe: leo, darasa hili, kwa dakika hizi, tutafanya nini. Muhtasari una mtego wake, kwa kuwa vikao navyo vina mihtasari. Ukiingia ofisini ukaomba "muhtasari" bila kufafanua, unaweza kupewa kumbukumbu za kamati ya shule.

Tanzania Bara, mtaala wa elimu ya awali huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Ule wa 2016 ulikuwa na umahiri mkuu wa aina 6: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, kumudu stadi za kisanii na kutumia dhana za kihisabati. Ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, ukifuata Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023. Shule iliyosajiliwa, iwe ya serikali, ya kanisa au ya mtu binafsi, hufuata mtaala huo. Inayofundisha kwa Kiingereza huufuata kwa Kiingereza. Mitaala ya nje imebaki kwa shule chache za kimataifa, nazo ziko zaidi kwenye miji kama Dar es Salaam na Arusha. Montessori ni njia ya kufundisha iliyoasisiwa na Maria Montessori huko Roma mwaka 1907, na nchini kuna vyuo vinavyoandaa walimu wake, kikiwemo cha Mtwara. Shule ya Sumbawanga inayoifuata haijaukwepa mtaala wa taifa. Imechagua njia yake ya kuufikia.

Kwa hiyo mzazi hachagui mtaala. Anachagua utekelezaji, na hapo ndipo shule mbili za mtaa mmoja huachana kabisa.

Tazama hisabati. Katika darasa moja watoto 80 wanaimba moja hadi mia wakifuata fimbo ya mwalimu ubaoni. Katika jingine kuna kona ya kujifunzia yenye visoda, vijiti na bakuli la maharage mchanganyiko, maharage yaleyale ya uwanda huu wa Ufipa. Mtoto aliyevaa sweta, maana Juni huku baridi haina utani, anatenga mekundu, ya njano na yenye madoa, kisha anaulizwa fungu lipi ni kubwa. Anakosea, anahesabu upya kwa kidole. Mtaala ni uleule, ila huyu wa pili ndiye anayejenga dhana ya idadi.

Lugha nayo ni vivyo hivyo. Mjini watoto wengi huanza shule wakijua Kiswahili, lakini katika vijiji vingi vya uwandani, wilayani Nkasi hata Kalambo, mtoto hutoka nyumbani na Kifipa. Kwake Kiswahili ni lugha ya pili, na Kiingereza kitakuwa ya tatu. Mwalimu anayeelewa Kifipa, anayempokea mtoto kwa lugha ya mama yake kisha akamvusha taratibu, anatekeleza vizuri zaidi ule umahiri wa kuwasiliana kuliko bango lolote la "inglish midiamu". Kijijini, mara nyingi uchaguzi wenyewe ni kati ya shule mama, yaani shule kamili iliyo mbali, na shule shikizi, tawi lake lililo jirani. Kwa miguu ya mtoto wa miaka 5, ukaribu nao ni hoja.

Swali linaloulizwa sana siku ya kuandikisha ni hili: "Mwalimu, mwaka ukiisha atakuwa anasoma?" Kusoma, kuandika na kuhesabu kwa ukamilifu ni kazi ya darasa la kwanza na la pili. Awali humwandaa: kusikiliza hadithi, kutambua sauti, kushika penseli, kungoja zamu. Shule inayojisifu kwamba watoto wake wa awali wanafanya mitihani ya kuandika kila wiki imeuacha mtaala, hata kama ada yake ni kubwa.

Basi ukienda kutafuta nafasi, usiulize shule ina mtaala gani. Uliza darasa lina watoto wangapi. Kiwango cha serikali kwa awali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Omba kuona azimio la kazi na andalio la siku hiyo, kisha kaa nyuma ya darasa uone kama yaliyoandikwa ndiyo yanayofanyika. Mwalimu anayejiamini hatakuzuia.