Kaunsela ni wa nani kati yenu wawili?

Mkisikia kaunsela wa wapenzi mnacheka, eti hayo ni mambo ya wazungu. Haya, tuanzie hapa kwetu.

Kati ya 1950 na 1952, mwanaanthropolojia Grace Harris aliishi na Wataita. Kitabu chake, Casting Out Anger, kilitoka 1978. (Chuo niliacha, vitabu sikuacha.) Humo kuna kutasa. Wazee wetu waliamini kinyongo kikikaa moyoni, hata ukinyamaza, kinaweza kumletea mtu wako wa karibu ugonjwa ama mkosi. Sasa mwenye hasira anachukua pombe ama maji ya miwa mdomoni, anayapuliza nje huku akitamka kwamba hasira itoke na heri iingie.

Halafu kulikuwa na saka. Mke anatetemeka, anapagawa, na pepo inadai vitu: sukari, nguo, ndizi. Mume ndiye wa kuleta. I. M. Lewis, 1971, aliona hapo wanawake wanadai kwa mdomo wa pepo kile wasichoweza kudai wazi. Mimi namuelewa huyo mama kabisa. Kikaoni nani angemsikiza?

Mbele kidogo, 1979, Mmarekani Edward Bordin akasema terapi inasimama kwa mambo matatu: mnakubaliana lengo, mnakubaliana kazi, na mnaaminiana. 1986 Pinsof na Catherall wakaliangalia hilo kwa wateja wawili chumba kimoja. Hapo ndipo utamu uko. Tafiti zilizofuata zinaonyesha wawili wakimwamini kaunsela, matokeo huwa mazuri zaidi. Mmoja akimpenda na mwingine akimshuku, mambo huanza kuharibika. Tafiti kadhaa, si zote, ziligundua imani ya mume ndiyo inatabiri matokeo zaidi. Nadhani ni kwa sababu mara nyingi yeye ndiye ameburutwa.

Huku kwetu anayeburutwa mara nyingi ni dada. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaruhusu ndoa ya kimila ipitie usuluhishi wa kimila kabla korti iamue talaka. Poa sana. Lakini kikao kikiwa kwa baba mkwe, Wundanyi ama Mwatate, na wazee wote ni wa upande wa bwana, huyo dada atafungua moyo kwa nani? Beshte yangu hapa Voi alikaa kimya masaa mawili, wakaandika "wamepatana."

Kabla soda zifunguliwe, mtu amuulize mke: huyu mzee, na wewe ulimchagua?