Historia ya Programu za Kufuatilia Anime

Programu ya kufuatilia anime hukaa ndani ya kompyuta na kuangalia ni video gani inayochezwa. Ikishatambua kwamba video hiyo ni anime, ni ya jina gani na ni sehemu ya ngapi, huiandika katika orodha ya mtazamaji iliyohifadhiwa kwenye intaneti, naye hana haja ya kugusa kitu. Programu za aina hii zilikomaa katika miaka ya 2000 na 2010, mikononi mwa watu waliozitengeneza kwa mapenzi na kuzigawa bure. Mizizi yake iko mbali zaidi: katika ratiba za televisheni za Japani, na katika jinsi mashabiki walivyojifunza kutunza kumbukumbu za walichokitazama.

Haja ya kumbukumbu ilitokana na wingi wa kazi zenyewe na mpangilio wake. Tarehe 1 Januari 1963 kituo cha Fuji TV kilianza kurusha Tetsuwan Atom ya Osamu Tezuka, ambayo iliendelea hadi mwisho wa mwaka 1966 na kufikisha sehemu 193. Sehemu moja ya takriban nusu saa kila wiki ikawa kawaida ya anime ya televisheni. Baadaye mwaka wa utangazaji ukagawanyika katika misimu minne, inayoanza Januari, Aprili, Julai na Oktoba, na kazi nyingi zikawa na sehemu 12 au 13 kwa msimu. Nafasi za baada ya saa sita za usiku zilipoongezeka kuanzia miaka ya 1990, kazi mpya za kila msimu zilifika makumi. Mtu anayefuata kumi kati ya hizo kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa na siku yake na mahali ilipofikia, hawezi kutegemea kichwa peke yake.

Kumbukumbu za kwanza zilikuwa za karatasi. Deki za video zilipoingia majumbani, Betamax ya Sony mwaka 1975 na VHS ya JVC mwaka 1976, mashabiki wa Japani walianza kurekodi vipindi na kuandika kwa mkono jina na namba ya sehemu kwenye lebo ya kila kanda. Magazeti ya mashabiki yaliwasaidia kujua nini kinakuja: Animage lilianza mwaka 1978, na Newtype likafuata mwaka 1985. Nchini Marekani, klabu ya Cartoon/Fantasy Organization ilianzishwa Los Angeles mwaka 1977, na kanda zikawa zinabadilishana mikono kati ya watu wa miji mbalimbali kwa njia ya posta. Aliyetaka kubadilishana alihitaji orodha ya kanda alizonazo, iliyopangwa vizuri kiasi cha mtu asiyemjua kuielewa. Orodha hizo zilihesabu mali zaidi ya utazamaji, lakini ndizo zilizowazoesha mashabiki kuandika kwa ajili ya wenzao.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mashabiki walianza kutafsiri wenyewe, wakiweka maandishi chini ya picha kwa msaada wa kompyuta za nyumbani kama Amiga. Kazi hiyo ilifanyika bila leseni ya wenye haki, na ilienea kwa kunakili kanda. Miaka ya 2000 ilipoanza ilihamia kwenye mafaili ya kompyuta. Mtandao wa eDonkey2000 ulitokea mwaka 2000, BitTorrent ya Bram Cohen mwaka 2001, na muundo wa faili wa Matroska, unaotambulika kwa herufi mkv, ukatangazwa mwishoni mwa mwaka 2002. Sehemu moja ya anime sasa iliweza kufika kwa watu wa mabara yote siku chache baada ya kurushwa Japani.

Mabadiliko hayo yalizaa desturi iliyokuja kuwa msingi wa ufuatiliaji wote wa baadaye: utaratibu wa kuyapa mafaili majina. Kikundi cha watafsiri kiliweka jina lake kwenye mabano mwanzoni, kisha jina la anime, kistari, namba ya sehemu, ukubwa wa picha, na mwishoni kabisa tarakimu na herufi nane ndani ya mabano. Alama hizo nane zilitokana na hesabu ya CRC32 iliyofanywa juu ya faili zima. Mpokeaji aliweza kurudia hesabu hiyo kwenye nakala yake. Majibu yakilingana, alijua kuwa faili halikuharibika njiani. Hakuna ofisi iliyotunga sheria hizo. Vikundi viliigana, wasomaji wakazoea, na baada ya miaka michache maelfu ya mafaili kutoka kwa watu wasiofahamiana yalikuwa na majina yenye sura moja.

Kanzidata ya AniDB, iliyoanzishwa mwaka 2002, ilichukua njia nyingine ya kutambua mafaili. Badala ya kusoma jina, ilitegemea kilichomo ndani. Kwa kanuni iliyotoka eDonkey2000, faili hukatwa vipande vya baiti 9,728,000, kila kipande hufanyiwa hesabu ya MD4, kisha matokeo ya vipande vyote huunganishwa na kufanyiwa hesabu hiyo tena. Namba inayopatikana huwa ya faili hilo peke yake. Baiti moja ikibadilika, namba yote hubadilika. Wachangiaji wa AniDB waliandika namba hizo pamoja na jina la anime, sehemu, kikundi cha watafsiri na ubora wa picha na sauti. Programu ndogo kwenye kompyuta, kama WebAOM, zilipitia folda za mtumiaji, zikakokotoa namba ya kila faili na kuiuliza kanzidata. Jibu likirudi, faili liliingizwa katika orodha yake na hata kupewa jina jipya lililo sahihi. Njia hii haikukosea kirahisi, lakini ilikuwa na gharama: faili lote lilipaswa kusomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na faili ambalo hakuna mtu aliyeliandikisha halikutambulika kabisa.

Mwaka huohuo wa 2002, mbali na ulimwengu wa anime, Richard Jones, mwanafunzi wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Southampton nchini Uingereza, alitengeneza Audioscrobbler. Ilikuwa programu jalizi iliyounganishwa na programu za kuchezea muziki, ikituma jina la kila wimbo uliosikilizwa kwenye akaunti ya msikilizaji. Mwaka 2005 iliungana na Last.fm. Watu wengi walizoea kupitia huduma hiyo wazo kwamba kompyuta inaweza kuandika shajara ya usikilizaji huku mwenyewe akiendelea na starehe yake. Kuhamisha wazo hilo kwenye anime kulihitaji mahali pa kuandikia.

Mahali hapo palipatikana MyAnimeList, tovuti iliyofunguliwa na Garrett Gyssler mwaka 2004 na kuendeshwa naye peke yake hadi iliponunuliwa na CraveOnline mwaka 2008. Ilimpa kila mtu orodha iliyogawanywa kwa hali: anime anazotazama, alizomaliza, alizosimamisha kwa muda, alizoacha na anazokusudia kutazama. Kila moja ilipewa idadi ya sehemu zilizokwisha kutazamwa na alama kuanzia 1 hadi 10. Orodha ikawa wasifu wa mtu mbele ya wenzake, na kwa sababu hiyo watu walitaka iwe sahihi. Hata hivyo, kila baada ya sehemu moja mtazamaji alipaswa kufungua kivinjari, kutafuta jina na kuongeza namba. Wengi walisahau, kisha wakakaa siku moja kukisia wamefika wapi.

Tovuti hiyo ilipozipa programu za nje njia ya kusoma na kubadilisha orodha za watumiaji, wapenzi wa anime wenye ujuzi wa kuandika programu waliziba pengo hilo. Inayojulikana zaidi kwenye Windows ni Taiga, programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya C++, ambayo hapo mwanzo iliitwa MAL Updater. Kwenye kompyuta za Apple zilitumika MAL Updater OS X na Hachidori. Kwenye Linux ilitokea Trackma, iliyoandikwa kwa lugha ya Python na kuitwa wMAL hapo awali; inaweza kutumiwa kwa madirisha ya kawaida au kwa amri za maandishi tu.

Utendaji wa programu hizi hupita hatua nne. Kwanza ni kugundua. Programu hukagua mara kwa mara kama kuna programu ya kuchezea video iliyofunguliwa, kama vile MPC-HC, VLC au mpv, kisha hutafuta jina la faili katika kichwa cha dirisha lake au kwa kuuliza mfumo wa kompyuta ni mafaili gani yanayosomwa wakati huo. Pili ni kuchambua jina. Hapa ndipo desturi ya watafsiri ilipozaa matunda: programu huondoa mabano, hutenga jina la kikundi, ukubwa wa picha na alama za CRC32, na kubaki na jina la anime na namba ya sehemu. Mwandishi wa Taiga aliitenga kazi hiyo katika maktaba ya programu iitwayo Anitomy na kuiacha wazi, ili watengenezaji wengine nao waitumie.

Hatua ya tatu ni kulinganisha. Jina lililopatikana hutafutwa katika orodha ya majina yanayojulikana, na anime moja huweza kuwa na jina la Kijapani lililoandikwa kwa herufi za Kilatini, jina la Kiingereza na vifupisho kadhaa vya mashabiki. Programu hupima ukaribu wa maandishi, na isipopata jibu la uhakika humwomba mtumiaji achague. Hatua ya nne ni kuandika. Programu husubiri muda uliowekwa, ili video iliyofunguliwa kwa bahati mbaya isihesabiwe, halafu hutuma namba mpya kwenye seva. Intaneti isipokuwepo, mabadiliko huwekwa kwenye foleni na kutumwa itakaporudi. Taiga iliongeza huduma nyingine juu ya hizi: kukagua folda ili kuonyesha sehemu zilizopo ambazo bado hazijatazamwa, na kuwaarifu marafiki kupitia programu za maongezi kile kinachotazamwa kwa wakati huo.

Tatizo lililosumbua kwa muda mrefu lilikuwa hesabu ya sehemu. Anime yenye misimu miwili ya sehemu 13 huandikwa na kanzidata kama kazi mbili, kila moja ikianza na sehemu ya 1. Baadhi ya watafsiri waliendelea kuhesabu moja kwa moja, hivyo sehemu ya kwanza ya msimu wa pili ikaitwa ya 14. Programu iliyolisoma jina hilo ilikuta namba isiyokuwepo katika msimu wa kwanza. Ufumbuzi ulikuwa faili la maandishi la pamoja, lijulikanalo kama anime-relations, linaloeleza kwa kila kazi ni sehemu zipi zihamishiwe wapi. Kila mstari wake lazima uandikwe na mtu aliyeijua anime hiyo. Akili ya programu, katika jambo hili, ni jumla ya uangalifu wa watu wengi.

Wakati huohuo huduma za orodha ziliongezeka. Hummingbird ilivutia waliotaka sura mpya, na mwaka 2016 ikabadili jina kuwa Kitsu. AniList nayo ilipata wafuasi wengi na kuwapa watengenezaji njia ya kisasa ya kupata taarifa zake. Programu za kompyuta zikajifunza kuzungumza na huduma zaidi ya moja, na umuhimu wa jambo hilo ulionekana Mei 2018. MyAnimeList, iliyokuwa imenunuliwa na DeNA mwaka 2015, ilifungwa kwa muda kwa sababu za usalama na faragha, na ilipofunguliwa tena, mlango wa programu za nje ulibaki umefungwa kwa miezi mingi. Programu zilizoitegemea peke yake zilikwama. Waliokuwa wamehifadhi nakala ya orodha zao waliweza kuhamia Kitsu au AniList na kuendelea. Mwaka 2019 tovuti hiyo ilipita mikononi mwa Media Do, na mlango mpya uliofuata uliacha utaratibu wa zamani wa kuzikabidhi programu nenosiri la mtumiaji. Sasa mtumiaji huipa programu ruhusa ambayo anaweza kuifuta.

Badiliko kubwa kuliko hilo lilitoka upande wa utazamaji. Crunchyroll, iliyoanza mwaka 2006 kama tovuti ambayo watumiaji walipakia video bila leseni, iligeukia leseni halali mwaka 2009 kwa makubaliano na TV Tokyo. Anime nyingi zikaanza kupatikana saa chache baada ya kurushwa Japani, na mwaka 2021 Sony ikakamilisha ununuzi wa huduma hiyo. Mtazamaji wa kivinjari hana faili, kwa hiyo hakuna jina la faili la kusoma. Taiga ilijibu kwa kusoma kichwa cha ukurasa uliofunguliwa; viongezi vya kivinjari kama MAL-Sync vilikwenda mbali zaidi kwa kusoma ukurasa wenyewe. Njia zote mbili huhitaji kurekebishwa kila huduma inapobadili mpangilio wa kurasa zake.

Huduma za kutazama mtandaoni zina kumbukumbu zao pia, lakini kila moja hujua yale tu yaliyotazamwa kwake. Leseni inapokwisha kazi huondoka, na mteja anayeacha kulipa huacha na historia yake. Hapo ndipo programu ya kompyuta inapobaki na thamani: hukusanya mahali pamoja yaliyotazamwa kwenye faili, diski na kivinjari, huyahifadhi kwenye huduma aliyoichagua mtazamaji, na humruhusu kuyatoa na kuhama nayo. Uwezo huo umejengwa na waandishi wa programu huria, wachangiaji wa kanzidata na watafsiri waliokubaliana jinsi ya kuandika jina la faili, na unadumu kwa kadiri wanavyoendelea kuutunza.