Govi linalobana: Lini kusubiri, lini kumwona daktari

WAZAZI wengi hushtuka wanapogundua kuwa govi la mtoto wao wa kiume halirudi nyuma. Aghalabu, hofu hiyo haina msingi.

Mtoto huzaliwa govi likiwa limeshikamana na kichwa cha uume. Ngozi hiyo huachana polepole kadiri anavyokua. Kwa baadhi ya wavulana, hadi wanapobalehe.

Kulivuta kwa nguvu ni hatari. Ngozi huchanika, na kidonda kikipona huacha kovu linalozidi kulibana. Mtoto anapoogeshwa, inatosha kuosha sehemu ya nje.

Dalili za ugonjwa ni tofauti: ncha ya govi huwa ngumu na nyeupe kwa kovu, mkojo hutoka kwa shida, au uvimbe na maumivu hurejea kila mara. Mwanamume ambaye govi lake limeanza kubana ukubwani apimwe pia kisukari, kwani maradhi hayo huchangia maambukizi ya sehemu hiyo.

Tiba ya kwanza aghalabu ni dawa ya kupaka yenye steroidi, inayotumiwa kwa wiki 4 hadi 8 kwa maagizo ya daktari. Isipofaulu, au kovu likiwa limekomaa, tohara huondoa tatizo.

Hali moja haingoji: govi lililorudishwa nyuma likakwama. Huukaba uume mithili ya pete, kichwa kikavimba na damu ikashindwa kupita. Mgonjwa wa aina hiyo afikishwe hospitalini mara moja, haya isimcheleweshe.