Mbung'o, Malale na Watu Waliohamia Geita

Somo letu la leo ni la historia. Tutazungumza juu ya mbung'o, mdudu aliyewafanya watu wengi wa Usukumani wahame.

Mnamo miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe wengi sana katika Afrika ya Mashariki. Mahali pasipo na ng'ombe wala watu, vichaka huota. Vichaka vikiota, mbung'o hupata kivuli cha kukaa. Mbung'o huwaletea ng'ombe nagana, na binadamu humletea malale. Mwaka 1922 malale yalionekana Maswa.

Shinyanga palikuwa na Mwingereza mmoja, Charles Swynnerton, mkuu wa kwanza wa Idara ya Utafiti wa Mbung'o. Yeye na wenzake walichunguza mbung'o anakaa wapi na anakunywa damu ya nani. Wakaona kwamba kichaka kikikatwa, mbung'o hana makao. Lakini wataalamu wachache hawawezi kufyeka pori. Kazi hiyo ilifanywa na wananchi wenyewe. Mtemi Makwaia wa Usiha aliwaita watu wake, nao wakaja kwa wingi na mashoka yao. Swynnerton alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Jina lake lipo mpaka leo, maana aina moja ya mbung'o imeitwa kwa jina lake.

Labda mmoja wenu atauliza: Kwa nini watu hawakuchanjwa tu, kama walivyochanjwa ndui? Sikilizeni vizuri. Damu yetu ina askari wake. Adui akiingia mwilini, askari hao huitazama sura yake ya nje, kisha hutengeneza silaha inayomfaa adui huyo tu. Chanjo huwaonyesha askari sura hiyo mapema, ili wawe tayari.

Lakini kimelea cha malale ni mjanja. Amevaa koti. Askari wakilijua koti lake, huua vimelea wengi, na homa hupungua. Wakati huo wachache wamekwisha badili koti. Hao huzaana, na homa hurudi. Mwaka 1969 mtaalamu Keith Vickerman alieleza koti hilo, baada ya kulitazama kwa hadubini yenye nguvu sana. Kwa sababu hiyo mpaka leo malale hayana chanjo. Dawa zipo, lakini asiyetibiwa hufa.

Basi, ikiwa mwili hauwezi kujikinga vema, ilibidi nchi yenyewe ikingwe. Watu wakikaa karibu karibu, wakilima na kufuga, kichaka hakirudi. Tena Usukumani ya kati ilikuwa imejaa watu na mifugo, na udongo ulikuwa umechoka. Kwa hiyo kuanzia mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukumani. Sehemu moja ya mpango huo ilikuwa kufyeka mapori ya Geita na kuwahamishia watu huko. Wengi walikwenda kwa hiari yao, wakitafuta shamba la pamba na malisho.

Lakini mpango ulikuja na amri nyingi: lima matuta, punguza ng'ombe. Aliyekaidi alishtakiwa. Mwaka 1954 serikali ilikataza TANU Usukumani, na katazo hilo lilidumu mpaka 1958. Mwaka huo huo watu wa Geita walikataa baraza la wilaya la mataifa mchanganyiko walilopangiwa, na wengi walikwenda kwa miguu mpaka Mwanza kutoa malalamiko yao. Miaka ya 1960 Andrew Maguire, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliyachunguza mambo haya Usukumani, na mwaka 1969 akayatolea kitabu.

Tazameni tofauti. Kufyeka vichaka kulifaulu kwa sababu watu waliona faida yake, na aliyewaita walimjua. Amri za matuta na ng'ombe zilichukiwa, ingawa baadhi yake zilikuwa na maana, kwa sababu mwenye shamba hakuulizwa. Elimu ya mtaalamu ni kama shoka: bila mkono wa mwananchi halikati kitu.

Maswali ya kujadiliana darasani:
1. Kwa nini malale hayana chanjo?
2. Kwa nini mbung'o huondoka watu wakikaa karibu karibu?
3. Je, katika kijiji chenu, watu huulizwa kabla ya kuhamishwa? Semeni mlivyoona.

Kwaherini mpaka somo lijalo.