Zawadi inayodai malipo: namna ya kutambua ujumbe wa matapeli wa simu

Wakazi wengi wa Afrika Mashariki hupokea ujumbe mfupi wa simu unaowapongeza kwa kushinda fedha, pikipiki au gari katika bahati nasibu ambayo hawakushiriki. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini Kenya mwaka 2007, na nchini Tanzania mwaka 2008. Tangu hapo simu imekuwa mkoba wa mwananchi, na matapeli wameufuata mkoba huo.

Ujumbe huo hutaja kampuni inayojulikana na hutoa namba ya kupiga. Anayepiga hupokewa na mtu mwenye maneno laini, anayejitambulisha kuwa afisa wa kampuni. Kisha hutakiwa kutuma kiasi kidogo cha fedha, kinachoitwa kodi, ada ya usajili au gharama ya kusafirisha zawadi. Akituma, hudaiwa kingine, hadi atakapoishiwa au kushtuka. Wengine huombwa namba ya siri, au tarakimu zilizoingia kwenye simu zao muda huo huo. Anayezitaja huwa amemkabidhi mgeni ufunguo wa akaunti yake.

Dalili kuu ni moja: zawadi ya kweli haimtaki mshindi alipe kwanza. Nchini Kenya na Tanzania, kodi ya ushindi hukatwa na mwendeshaji wa mchezo kabla ya fedha kumfikia mshindi. Dalili nyingine ni haraka isiyo na sababu, na agizo la kutomwambia mtu yeyote.

Anayetilia shaka ujumbe asipige namba iliyomo ndani yake, bali apige ile rasmi ya huduma kwa wateja. Nchini Kenya, Safaricom huwapigia wateja wake kwa namba 0722 000 000 pekee. Ujumbe unaodai kwamba fedha zimeingia nao usiaminiwe kabla ya mwenye simu kuangalia salio lake mwenyewe.

Nchini Tanzania, ujumbe wa kitapeli huripotiwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kupitia namba 15040. Wateja wa Safaricom huutuma kwa namba 333. Nchi zote mbili zina sheria za makosa ya mtandao: ya Tanzania ni ya mwaka 2015 na ya Kenya ni ya mwaka 2018.

Aliyekwisha kutuma fedha anapaswa kuiarifu kampuni ya simu papo hapo, kwa kuwa fedha zikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuzirejesha. Abadilishe namba ya siri, asiufute ujumbe, kisha aende polisi. Wengi hunyamaza kwa kuona haya, na ukimya huo humwachia tapeli nafasi ya kuendelea na laini ile ile.