Gitaa la Chuma na Asili ya Sauti Yake

Asimamaye katika mji wa Voi akaelekeza macho kusini huuona mlima Sagalla umeinuka juu ya nyika. Karibu na mlima huo hupita reli iliyoanzwa kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Reli ilichukua watu na mizigo. Tena ilichukua kitu kisichopimwa kwa mizani, nacho ni sauti. Magitaa na sahani za santuri zilizoshushwa bandarini zilipanda bara kwa njia hiyo. Katika sahani nyingine ilikuwamo sauti laini, ivutikayo kama kilio cha mtu, isiyokatika baina ya noti na noti. Walioipenda walikuwa wengi. Waliokijua chombo kiitoacho walikuwa wachache. Chombo hicho ni gitaa la chuma.

Asili yake ni visiwa vya Hawaii. Wengi humtaja Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874, kuwa ndiye aliyeanzisha upigaji huu akali kijana. Badala ya kubana nyuzi kwa vidole, alilaza gitaa mapajani na kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Mwaka 1904 aliondoka kwao akaenda Marekani, na sauti hiyo ikaenea huko. Miaka ya mwanzo ya 1930 George Beauchamp na Adolph Rickenbacker walitoa gitaa la chuma la umeme, ambalo sumaku yake hunasa mtetemo wa nyuzi.

Hata hivyo chombo kilikuwa na upungufu. Kipande cha chuma kimenyooka, nacho hugusa nyuzi mahali pamoja. Kwa hiyo mpigaji hufungwa na ulinganifu aliouweka tangu mwanzo. Mafundi wakatafuta njia ya kubadili sauti ya nyuzi kwa mguu. Karibu na mwaka 1940 kampuni ya Gibson ilitoa gitaa lenye pedali. Baadaye Bud Isaacs alifanya jambo jipya: alikanyaga pedali huku nyuzi zingali zikilia, hata msikilizaji akasikia noti moja ikipanda na nyingine ikitulia. Wimbo wa Webb Pierce uitwao "Slowly", ambamo alipiga hivyo, ulivuma mwaka 1954, na wapigaji wengine wakamfuata.

Sasa tutazame mtambo wenyewe. Gitaa la pedali husimama juu ya miguu kama meza nyembamba. La kawaida lina nyuzi 10, pedali 3, na wenzo kadhaa zinazosukumwa kwa magoti. Mguu ukikanyaga pedali, fito ya chuma iliyo chini ya ubao huvuta kidole kidogo cha chuma kilichoshika mwisho wa uzi; uzi hukazika, na sauti hupanda. Mguu ukiondolewa, kidole hurudi mahali pake.

Basi kulitengeneza gitaa hili kuna utaratibu, na anayeuvunja hujitia taabuni. Katika magitaa mengi ya siku hizi, kwanza nyuzi hulinganishwa zikiwa huru, kwa kuzungusha vishikizo vya kichwani. Kisha pedali hukanyagwa moja moja, na sauti iliyopandishwa husahihishwa kwa kijifundo kilichopo upande wa pili. Atakayeanza na pedali atakuwa amepima kwa kipimo kilichopinda, kwa maana kila sauti ya pili hutegemea ile ya kwanza. Tena ubao wenyewe hujikunja kidogo sana pedali inapovutwa, na nyuzi zisizoguswa hushuka kwa kadiri ndogo. Kwa hiyo fundi hatosheki na macho, hutega sikio.

Utamu wa sauti nao una sababu zake. Uzi ukikwanyuliwa karibu na mwisho wake hulia kwa ukali. Ukikwanyuliwa mbali na hapo hulia kwa ulaini. Sumaku ikisogezwa karibu na nyuzi sauti huwa na nguvu, lakini ikikaribia mno huzuia mtetemo wake. Na mkono ushikao chuma ukitikiswa polepole, sauti hupata uhai.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alinasa katika nchi ya Wakipsigis wimbo wa wasichana juu ya mtu waliyemwita Chemirocha. Huyo alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye baadhi ya sahani zake zina gitaa la chuma. Katika wimbo huo amekuwa nusu mtu na nusu mnyama. Tusiwacheke wasichana hao. Sauti ilifika bila mwenyewe na bila chombo, nao wakajaza pengo kwa fikira zao.

Wengine walilijaza kwa mikono. Fundi Konde wa pwani alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme. Fadhili William, mzaliwa wa Taita wa mwaka 1938, alirekodi "Malaika" pamoja na Jambo Boys mwaka 1960. Na ingawa utunzi wa wimbo huo umegombewa, sauti yake ilizunguka dunia. Hawa hawakungoja pedali. Walichukua gitaa la kawaida, wakajifunza tabia ya nyuzi zake, wakalisemesha Kiswahili.

Wala elimu hii si ngeni kwetu. Mpiga ngoma aipashaye ngozi moto kabla ya kupiga hufanya kazi ile ile ya fundi wa pedali: hukaza kilicholegea hata sauti ikae mahali pake. Tofauti ni ya chombo, si ya akili. Basi kijana apendaye sauti ya mbali na aipende. Lakini asiishie kusikiliza. Na ajiulize ni kitu gani kivutwacho, na ni nani akivutaye. Asiyeuliza hubaki msikilizaji maisha yake yote. Aulizaye ipo siku atasikilizwa.